Mzee aliniuliza: "Mombasa nzima hakuna wa pili wa kukuangalia kazi yako?"

#1 Fundi wa Port Reitz (mwanzisha uzi)

Salaam aleikum wana jukwaa. Niko kwenye kazi ya ndege tangu 1998, na leseni yangu ni ya bodi na injini. Uzi huu nimeuahirisha muda mrefu, lakini la wiki iliyopita limenikaa kifuani, heri nilitoe.

Tulikuwa na ndege ndogo ya injini moja, iondoke saa moja asubuhi kwenda Lamu. Usiku ule ilikuwa imefikia ukaguzi wake wa saa za kuruka, kwa hivyo vifuniko vya bawa vilikuwa wazi. Nikachukua kitambaa nikakipitisha kwenye kebo ya usukani. Ndivyo tulivyofunzwa: kebo ni nyuzi nyingi za chuma zilizosokotwa pamoja, na uzi mmoja ukikatika jicho laweza lisiuone, ila kitambaa kitanasa. Kikanasa. Nikakirudisha, kikanasa tena pale pale, karibu na kapi. Nikamulika tochi, nikaona ncha mbili kama miiba ya samaki.

Kebo mpya ilikuwepo stoo. Nikaibadilisha, nikapima mkazo wake, nikahakikisha usukani ukienda kulia na kile kibao cha nyuma ya bawa kinafuata inavyotakiwa. Saa nne asubuhi nimemaliza. Lakini kazi ya usukani haiishii kwa aliyeifanya. Lazima mtu wa pili mwenye idhini, ambaye hakuigusa, aikague upya mwanzo hadi mwisho, naye asaini. Mwenzangu tuliyekuwa tukikaguliana alihamia Ghuba mwezi wa Januari na nafasi yake iko wazi mpaka leo. Wa pili ikabidi atoke Nairobi. Alifika saa nane, akakagua, akasaini, ndege ikaondoka saa tisa na nusu.

Miongoni mwa abiria alikuwepo mzee mmoja wa kikoi na kofia, anakwenda kumzika nduguye. Mazishi yalikuwa baada ya dhuhuri. Kila saa aliambiwa bado kidogo, mpaka kwenda kwa barabara nako kukawa hakuna maana tena. Hakupiga kelele. Alinifuata taratibu, akaniuliza, "Mwanangu, Mombasa nzima hakuna wa pili wa kukuangalia kazi yako?"

Nilimpa pole, akaipokea. Jibu la swali lake sikuwa nalo pale, na ndilo nataka tulitafute hapa.

Kwa wasiojua: ndege haipandi angani kwa sababu imetengenezwa tu. Inapanda kwa sababu mtu mwenye leseni ameandika kwenye kitabu chake kwamba kazi imefanywa sawasawa na ndege inafaa kurudi kazini, akaweka sahihi na namba yake. Mafundi wengine wote, hata wawe hodari namna gani, wanafanya kazi chini ya sahihi hiyo. Wenye sahihi ndio wamepungua, na si kwetu peke yetu. Makadirio ya Boeing ya 2025 yanasema dunia itahitaji mafundi wapya wa ndege 710,000 katika miaka 20. Mashirika yenye pesa yatawatafuta wapi? Yatakuja kuwachukua wetu, na tayari yanawachukua.

#2 Mama wa Migadini

Kaka, pole kwa kazi, na huyo mzee Mungu amrehemu nduguye. Lakini maneno yako yamenichoma.

Unasema mafundi hawapo. Mwanangu ana diploma ya uhandisi wa ndege. Nimelipa karo Nairobi miaka mitatu, chumba cha kupanga, nauli, kwa mkopo wa chama ambao nimeumaliza juzi. Amefanya kazi kwenye hanga, lile banda la kutengenezea ndege, miezi 14, mingi bila malipo. Hivi sasa yuko Magongo anatengeneza tuktuk. Kila akipeleka barua anaambiwa wanataka mwenye leseni. Leseni ataitoa wapi na hakuna anayempokea aipate? Niambie, nyinyi mnaolia upungufu, mnamlilia nani?

#3 Mzee wa Bandarini

Yakhe, mama hapo juu amesema. Mimi nimekaa na makreni Kilindini miaka mingi. Fundi anayejua kazi tunamjua kwa mikono yake, si kwa karatasi. Kama kijana anajua kubadilisha hiyo kebo, kwa nini asisaini tu mambo yakaenda? Watu wanakosa mazishi ya ndugu zao kwa sababu ya kalamu?

#4 Fundi wa Port Reitz

Mama, nitakujibu wewe kwanza na nitakujibu kirefu, kwa sababu umeshika pale penyewe panapouma.

Kanuni ya kimataifa ya leseni, ile ya ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, inataka mtu awe ametimiza miaka 18, afaulu mitihani, na awe na miaka 4 ya kazi kwenye ndege zenyewe, au 2 kama amepitia kozi iliyoidhinishwa. Mitihani kijana atasoma usiku atafaulu. Kinachomkwamisha ni ile miaka. Miaka hiyo haihesabiwi kwa mdomo. Ipo kwenye kitabu, tunakiita logibuku. Tarehe fulani, ndege fulani, nilitoa pampu ya mafuta nikarudisha, na pembeni sahihi ya mwenye leseni aliyenisimamia. Mstari usio na sahihi ni sawa na siku ambayo hukwenda kazini.

Sasa tazama mzunguko wake. Wenye leseni wanaondoka. Aliyebaki ana zamu ya watu watatu. Anakimbia kutoka ndege hii kwenda ile, kijana yuko nyuma yake amebeba sanduku la spana. Hana nafasi ya kumwachia afanye yeye huku akimtazama, kwa sababu kijana atachukua saa tatu kwa kazi ya saa moja. Kwa hivyo anaifanya mwenyewe. Kijana ameshika tochi. Mwisho wa mwezi kitabu cha kijana kina nini? Kina kushika tochi. Na hata kazi aliyoifanya kweli, mkuu akisema "nitakusainia kesho", kesho yenyewe mkuu anapanda ndege kwenda Doha na kitabu kimebaki kitupu. Upungufu wa leo ndio unaozaa ule wa miaka mitano ijayo. Vijana kama mwanao wako wengi, mama. Wa kuwasimamia ndio hawapo.

Na nitasema jambo ambalo wenzangu huenda wasilipende. Wengine wetu tunaogopa kusaini. Sahihi yangu ni shingo yangu. Likitokea jambo nitaulizwa mimi. Basi mtu anaona usalama wake ni kutomsainia yeyote. Nami niliwahi kufanya hivyo, miaka miwili mitatu hapo nyuma, nilipokuwa peke yangu usiku na vijana wawili. Nilijiambia nimechoka. Mmoja wa vijana wale ameacha kabisa kazi hii. Silisahau.

Mimi mwenyewe sikuachwa hivyo. Nilipoingia nilikuta mzee aliyetoka karakana za East African Airways, lile shirika la nchi zetu tatu lililovunjika 1977. Jambo la kwanza alilonipa ni waya wa kufungia. Boliti za ndege hazikazwi tu zikaachwa. Nyingi hutobolewa kichwa, ukapitishwa waya mwembamba unaosokotwa na kufungwa kwenye boliti jirani, ili moja ikitaka kulegea waya uivute upande wa kukaza. Kwa waya ule wa kawaida inatakiwa misokoto 6 hadi 8 kwa inchi. Ikipungua unalegea, ikizidi unakatika. Nilisokota, akaja, akautazama, akatoa koleo akaukata. Hakusema neno. Nikasokota tena, akakata. Siku ile aliukata mara kumi na moja. Ya kumi na mbili alipitisha kidole juu ya waya, akausukuma, akaniambia, "Lete kitabu." Kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini alikaa juu ya ngazi ya hanga, tukaleta vitabu vyetu, akavisaini mstari kwa mstari. Hakuwahi kuruka Ijumaa hata moja.

#5 Fundi wa Port Reitz

Mzee wa Bandarini, shikamoo. Swali lako ni la haki, na nalijibu kwa kisa kinachojulikana dunia nzima.

Tarehe 10 Juni 1990 ndege ya British Airways, BAC 1-11, iliondoka Birmingham kwenda Málaga. Ikiwa futi 17,300, kioo cha mbele upande wa rubani mkuu kiling'oka chote. Rubani akafyonzwa nje, mwili nusu juu ya paa la ndege, miguu ndani. Wahudumu wakamshika miguu huku msaidizi wake akiiteremsha ndege mpaka Southampton. Alipona. Wote walipona.

Kioo kile kilikuwa kimebadilishwa siku moja kabla. Aliyekibadilisha hakuwa kijana wala mgeni wa kazi. Alikuwa mkuu wa zamu, mtu wa uzoefu wa miaka, anaheshimiwa. Zamu ilikuwa na upungufu wa watu, kwa hivyo akaingia mwenyewe alfajiri. Alitaka kubadilisha boliti. Badala ya kufungua kitabu cha vipuri akalinganisha kwa macho boliti moja na nyingine, penye mwanga hafifu. Mtu wa stoo alimtajia saizi sahihi, hakuifuata. Boliti 84 kati ya 90 zilikuwa nyembamba kuliko inavyotakiwa kwa inchi 0.026. Mzee wangu, hiyo ni kama unene wa kucha. Na kwa utaratibu wa wakati ule kazi ya kioo haikulazimu mtu wa pili kuikagua. Akafanya mwenyewe, akasaini mwenyewe.

Mikono yake ilikuwa mizuri. Kreni ikigoma unaizima, watu wanasogea. Hii ikigoma huko juu hakuna pa kuiegesha. Ndiyo maana nilimwacha yule mzee akose mazishi. Ningeisaini peke yangu, na pengine ingefika Lamu salama. Hilo pengine ndilo tunalokatazwa.

#6 Mzee wa Bandarini

Marahaba mwanangu. Nimeelewa. Nami nafuta neno langu la kalamu.

#7 Fundi aliye Ghuba

Nimesoma kimya tangu jana. Mimi ni mmoja wa wanaosemwa hapa, niliondoka 2021.

Ndugu zangu, sikuondoka kwa tamaa. Machi 2020 ndege za abiria zilisimama, tukarudishwa nyumbani, mshahara ukawa nusu, kisha ukawa ahadi. Safari za ndani zilipoanza tena Julai 15 mwaka ule, waliorudishwa kazini walikuwa wachache. Leseni yetu nayo si cheti cha kutundika ukutani: usipokuwa umefanya kazi angalau miezi 6 ndani ya miezi 24, huruhusiwi kuitumia. Nilikuwa nahesabu miezi kama mtu anayehesabu maji ya mwisho kwenye tangi. Huku nilikokuja wakanilipia kozi ya ndege kubwa, ile ambayo nyumbani ningelipa mwenyewe kwa pesa nisizoziona, au nifungwe kwa mkataba wa miaka. Mshahara unaingia tarehe ile ile kila mwezi. Watoto wangu wanasoma. Sitaomba radhi kwa hilo.

Lakini alichosema Fundi wa Port Reitz kuhusu vitabu kimenipata. Jibu la kazi nililipata Jumanne, Ijumaa nikawa nimepanda ndege. Niliwaacha vijana wawili na karibu mwaka mzima wa kazi ambao sikuwasainia. Kazi walifanya, mimi nilikuwepo, nilizitazama kwa macho yangu. Nakuja likizo ya Idi. Nitawatafuta.

#8 Binti wa Hanga, Ukunda

Mimi niko upande wa Diani, bado sina leseni, nina mwaka mmoja na nusu uliosainiwa. Naomba kuongeza jambo moja ambalo watu wa bara hawalioni sana, nalo ni chumvi.

Kwetu ndege inalala mita chache kutoka baharini. Chumvi inaingia kwenye injini, inakaa juu ya mapanga ya kompresa, yale yanayosukuma hewa ndani ya injini, kama ukungu mweupe. Kila jioni tunaiosha: tunazungusha injini kwa starta bila kuiwasha, tunapuliza maji safi ndani, tunaacha yachuruzike, halafu tunaiwasha ikauke. Ukiruka siku mbili tatu wakati wa kaskazi utaona mwenyewe. Kwenye bodi vilevile. Rangi ikivimba kidogo karibu na ribiti, vile vipini vinavyounganisha mabati, mtu wa pwani anajua chini yake alumini inageuka unga.

Ajali ya shirika la ndege la Aloha ya 1988 inasimuliwa sana hangani kwetu. Boeing 737 iliyokuwa ikiruka baina ya visiwa vya Hawaii, safari fupi fupi mchana kutwa, hewa ya bahari kama hii yetu. Ilikuwa imeruka mara 89,680. Tarehe 28 Aprili paa lake la mbele likachanika angani, abiria wakabaki wanaona mbingu. Mhudumu mmoja alipotea, wengine wakatua. Baadaye mama mmoja abiria alisema wakati anapanda aliuona ufa kwenye bodi karibu na mlango, hakumwambia mtu. Wachunguzi walisema ukaguzi wa shirika haukuona nyufa zilizokuwepo wala mabati yaliyoachana gundi.

Kwa hivyo pwani tunahitaji macho mengi kuliko kwingine. Na ndiko macho yalikopungua, maana hanga kubwa, shule na kozi nyingi ziko Nairobi. Chuo cha usafiri wa anga kiko Embakasi tangu 1954. Mtu akishakwenda kusoma huko akapata kazi huko, ni nani atamrudisha Ukunda?

#9 Mama wa Migadini

Binti, Mungu akuongoze. Nimefurahi kukusikia.

Fundi wa Port Reitz, nimekisoma kitabu cha mwanangu jana usiku baada ya maneno yako. Sikujua thamani yake, nilikuwa nakiona kimetupwa juu ya kabati na mafuta mafuta. Miezi 14, iliyosainiwa ni miwili. Mingine yote ameandika kwa mkono wake mzuri, tarehe, kazi, kila kitu, na pembeni patupu. Nimelia. Je, inawezekana kuokoa chochote?

#10 Fundi wa Port Reitz

Mama, nitumie ujumbe wa faragha hapa jukwaani, aje Jumamosi na kitabu chake. Nisikudanganye: mimi siwezi kusaini kazi ambayo sikuiona, hata ingekuwa ya mwanangu wa kumzaa. Lakini waliomwona wapo mahali. Tutawatafuta mmoja mmoja.

Na kwa wenzangu wenye leseni mnaosoma: wangapi wana vitabu vya vijana kwenye droo? Vitoeni wiki hii. Wenye kampuni nao wakubali kwamba mwenye leseni anayesimamia mwanagenzi yuko kazini, asihesabiwe kuwa anachelewesha ndege. Zamu ikipangwa, saa za kufundisha ziandikwe humo kama zinavyoandikwa saa za kubadilisha tairi. Nimelipeleka kwa wakubwa wangu kwa maandishi. Wamesema watalitazama, na nitawauliza tena.

#11 Fundi wa Port Reitz

Narudi na habari, maana wengi wameuliza.

Kijana alikuja. Tulikaa barazani kwangu baada ya alasiri, tukakisoma kitabu ukurasa kwa ukurasa. Waliomsimamia ni watatu. Wa kwanza yuko Nairobi, amekubali tumtumie kurasa zake na kijana aende mwenyewe akazungumze naye. Wa pili hapokei simu, bado tunamtafuta. Wa tatu alistaafu mwaka juzi, anaishi Kaloleni, na wakati kazi zile zinafanyika leseni yake ilikuwa hai. Tukampigia, akasema njooni kesho.

Tulimkuta chini ya mwembe. Akavaa miwani, akafungua ukurasa wa kwanza. Nilidhani atasaini tu, kumbe sivyo. Kila mstari aliusoma kwa sauti, akamtazama kijana, akamuuliza. Ulitoa plagi ya sumaku ya injini, ile inayonasa chuma kwenye mafuta? Ndiyo. Uliikuta na nini? Na unga mwembamba wa chuma, baba, nikaupangusa kwenye kitambaa cheupe, haukuwa na vipande. Kipande ungefanyaje? Ningekuita. Akasaini. Ulibadilisha breki za gurudumu la kushoto? Ulitoaje hewa kwenye mafuta yake? Kijana akaeleza, mikono yake inaonyesha hewani kana kwamba gurudumu liko pale. Akasaini. Tulianza saa tatu asubuhi, adhuhuri ikatukuta hapo, mkewe akatuletea chai na mihogo.

Alisaini kurasa sita. Wa saba ulikuwa na mstari mmoja wa kukaza boliti za kushikilia propela. Akauliza, "Ulizikaza kwa kipimo gani?" Kijana akanyamaza. Akasema alishika spana ya kipimo, lakini namba iliyowekwa hakuiona, aliambiwa tu akaze mpaka ilie. Mzee akavua miwani. "Huu sisaini," akasema. "Kazi uliifanya, nakumbuka. Lakini hujui ulichofanya. Nenda kasome, urudi."

Jumatatu anaanza na mimi zamu ya alfajiri, majaribio ya miezi mitatu, posho kidogo. Kwenye matatu njia nzima kutoka Kaloleni alikuwa ameshika simu yangu, anasoma kurasa za propela kwenye kitabu cha matengenezo. Tulipofika Mazeras akanigusa bega, akanitajia namba.